Kurudisha pesa si kuvunja mkataba

Tangu sakata la kiungo Feisal Salum 'Fei Toto' na klabu yake ya Yanga, mashabiki wengi wanaamini kwamba mchezaji akilipa pesa iliyotajwa kwenye mkataba, basi yuko huru kesho yake. Si lazima iwe hivyo.

Desemba 2022 Fei Toto aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12, mshahara wa miezi mitatu. Yanga wakazikataa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka Tanzania, ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga, na ombi lake la mapitio likagonga mwamba. Alipata uhuru Juni tu, klabu zilipokubaliana mezani na akaenda Azam.

Kanuni za FIFA zinalinda mkataba mpaka uishe, au pande zote zikubaliane kuuvunja. Kwa kawaida, anayetaka kuondoka peke yake lazima awe na sababu ya haki. Iliyo wazi kuliko zote ni mshahara: klabu ikidaiwa angalau miezi miwili, mchezaji huiandikia notisi, akaipa angalau siku 15 ilipe deni lote. Isipolipa, anaondoka, tena anaweza kudai fidia.

Hapo ndipo wachezaji wetu wanapoumia. Wengi hudai kwa simu na kwa maneno ya vibarazani, kisha wanagoma mazoezi. Mgomo huo klabu inaugeuza utoro. Barua yenye tarehe, iliyopokewa kwa saini, ingewaokoa.