Kwa nini bajaji inaruka kwenye kiraka kilichosawazishwa

Utani wa gemu letu la kuziba mashimo ya barabarani ni mmoja: mchezaji anazidisha kifusi, kiraka kinageuka tuta, bajaji iliyobeba mayai inapaa na mayai yanamwagika. Unachekesha mradi kosa ni la mchezaji. Akisawazisha vizuri na bajaji ikapaa vilevile, atalifuta gemu, na mimi simlaumu.

Kwenye Box2D, injini ya fizikia ya Erin Catto, chanzo huwa ni namna barabara ilivyojengwa. Wengi hupanga vibao vya mstatili, kimoja kando ya kingine. Machoni ni lami moja, ila kwa injini kila kibao kina ukuta wake wa pembeni. Injini yenyewe huruhusu vitu vizamiane kama nusu sentimita ili vitulie, na tairi lililozama kiasi hicho linajikwaa kwenye ukuta wa kibao kinachofuata.

Dawa: kifusi kikishatulia, pima kimo chake kila sentimita 20, kiondoe, kisha jenga barabara nzima upya kwa b2ChainShape moja, yaani umbo la mnyororo wa mistari katika matoleo ya 2.x. Mnyororo huo unazijua nukta za jirani, kwa hiyo maungio hayamgongi mtu. Angalizo: tangu toleo la 2.4 mnyororo una upande mmoja tu wa kugonga. Nukta za ardhi zianze kulia kwenda kushoto. Ukizigeuza, Ngamiani nzima, mtaa wa Tanga uliomo kwenye gemu, inakosa ardhi. Daladala, baiskeli na muuza kahawa wote wanadidimia chini ya skrini. (Kinachekesha, lakini si utani tulioukusudia.)

Shokapu za gari la mfano linalokuja na Box2D huwekwa mneso wa hezi 4 na uzuiaji wa mneso 0.7. Hiyo ni bajaji mpya ya dukani. Napendelea 0.25: ikitoka shimoni inanesa mara mbili tatu, kama zile tunazopanda kila siku. Ukishusha hadi 0 itanesa zaidi ya hapo.

Mayai usiyaunde moja moja. Box2D hupenda vitu vinavyotembea viwe kati ya sentimita 10 na mita 10, na yai halifiki. Trei ya mayai 30, kila moja gramu 60, iwe kitu kimoja cha kilo 1.8. Ikiwa imetulia, kila hatua ya 1/60 ya sekunde PostSolve (taarifa ya mgongano inayotolewa na matoleo ya 2.x) inasoma msukumo wa takriban 0.3, kwa kipimo cha kilo mara mita kwa sekunde. Vunja mayai ukifika 2.7, yaani trei imetua kwa mita 1.5 kwa sekunde. Ukiweka kikomo chini ya hapo, hata kiraka kizuri kitayavunja.

Fuso la saruji kutoka Pongwe lina mtego wake. Tani 10 juu ya daraja la mbao za kilo 40 kila moja hufanya maungio ya daraja yavutike kama ubani wa kutafuna, maana injini huyumba uwiano wa uzito ukipita 10 kwa 1. Lipe Fuso kilo 800, ubao kilo 100. Mchezaji anaona picha, haoni mizani.