Kudumu katika kuomba: somo la chombo kidogo

Ninapofundisha Agano Jipya kwa watumishi wanaojiandaa kuongoza, huwa nawauliza swali moja mapema: mitume walipozidiwa na kazi, walikataa kuacha nini? Wengi hujibu mara moja kwamba ni mahubiri. Kweli, ila katika Matendo 6:4 maombi yametajwa kwanza: "na sisi tutadumu katika kuomba na kulihudumia lile Neno."

Siku zile kanisa lilikuwa likikua na manung'uniko yameanza, kwa kuwa wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Lalamiko lao lilikuwa la haki, nalo halikupuuzwa. Walichaguliwa watu 7 waliojaa Roho na hekima kulishughulikia. Kwa hiyo andiko hili lisitumiwe na kiongozi anayewakimbia wahitaji kwa kisingizio cha maombi. Nimeliona likitumiwa hivyo, na linaniumiza.

Neno la kulitazama hapo ni "tutadumu". Kwa Kigiriki ni proskartereo, nalo limo mara 10 katika Agano Jipya, nusu yake likihusu maombi. Lakini andiko lililonifungua macho halihusu maombi kabisa. Katika Marko 3:9 umati unamsonga Yesu kando ya bahari, naye anawaagiza wanafunzi kwamba chombo kidogo, yaani mashua, kikae karibu naye. Hilo "kikae karibu" ni neno lilelile. Marko hasemi kama Yesu alikipanda siku hiyo. Kazi ya chombo ilikuwa kuwepo pale, tayari, mpaka atakapokihitaji.

Tangu nilipoliona hilo nimeacha kutenganisha maombi na uvumilivu kana kwamba ni sifa mbili za kiongozi. Anayedumu katika kuomba amekaa karibu na Bwana wake hata siku ambayo hakuna kinachotokea. Mikesha na mifungo ina nafasi yake, nami nimebarikiwa sana humo. Lakini mkesha una mwisho unaojulikana. Kinachompima kiongozi ni wiki zinazofuata, anapoomba jambo lilelile asione badiliko.

Chukua Nehemia, Myahudi aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Tunapenda kusimulia kwamba ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52, na tunapita haraka juu ya tarehe zilizo mwanzoni mwa kitabu. Habari za ukuta uliobomoka zilimfikia katika Kisleu, mwezi wa tisa wa Kiyahudi. Alipozungumza na mfalme Artashasta ulikuwa Nisani, mwezi wa kwanza. Hiyo ni kama miezi 4 ya kulia, kufunga na kuomba, huku akiendelea kumpelekea mfalme divai. Aliomba muda mrefu kuliko alivyojenga! Ndiyo maana mfalme alipomuuliza haja yake, Nehemia aliomba palepale, kati ya swali na jibu, kisha akasema. Ombi la kufumba na kufumbua kama lile lilikuwa na miezi 4 nyuma yake. Na adui zake walipomwita mara 4 ashuke wakutane, mara zote 4 aliwajibu vilevile.

Hata hivyo, mtu anayenigusa kuliko Nehemia ni Samweli, nabii aliyewaongoza Waisraeli kabla hawajawa na mfalme, kwa sababu yeye alidumu bila ukuta wa kuonyesha. Watu walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba yeye ni mzee na wanawe hawafuati njia zake, wakadai mfalme. Akawapa mfalme. Katika 1 Samweli 12 anasimama mbele yao, uongozi wa taifa sasa uko mikononi mwa mwingine, nao wanaogopa na kumsihi awaombee. Angeweza kuwaambia waende kwa mfalme wao. Badala yake alisema: hasha, asimtende Bwana dhambi kwa kuacha kuwaombea. Kwake, kuacha kuwaombea watu waliomkataa kungekuwa dhambi, tena dhambi dhidi ya Mungu mwenyewe.

Nina daftari la majina ninayoyaombea. Kwa miaka kadhaa, mtu alipoondoka katika huduma kwa uchungu, nilikuwa nalifuta jina lake kimyakimya. Nilipofika aya hiyo ya Samweli nikiandaa somo, niliweka kalamu chini. Majina yale nimeyaandika upya, kwenye ukurasa wa kwanza.