Kilichomfanya Cameron Smith adumu misimu 19 katika raga ya ligi

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu raga ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji 7 iliyoipatia Kenya sifa. Raga ya ligi, ambayo huchezwa na wachezaji 13 kila upande na ina mashabiki wengi kaskazini mwa Uingereza na mashariki mwa Australia, ina hesabu yake. Mchezaji akiangushwa, mpira haugombewi. Husimama, huuviringisha nyuma kwa mguu, na timu yake huendelea hadi iangushwe mara ya sita. Kwa kuwa wanaolinda hutakiwa kurudi nyuma mita 10 kila mara, sisi tunaochambua mechi hutazama kwanza jinsi mpira ulivyotoka haraka au polepole, maana ulinzi ambao haujajipanga hupenywa kwa urahisi.

Anayeuokota mpira huo karibu kila mara ni huka, namba 9. Cameron Smith, mzaliwa wa Brisbane, aliicheza nafasi hiyo katika klabu ya Melbourne Storm tangu 2002 hadi 2020, akafikisha mechi 430 za ligi kuu ya Australia, NRL, na pointi 2,786. Hakuwa na mbio za kutajika, na mwili wake wa kilo 90 hivi ulikuwa mdogo mbele ya mafowadi aliowakaba mchana kutwa. Ukizirudia kanda zake, utaona kwamba kabla ya kuugusa mpira huwa ameshamwona beki aliyechelewa kusimama, na pasi yake humlazimisha huyo huyo aliyechoka kufanya kazi tena. Mchezaji anayetegemea miguu hupungukiwa kadiri umri unavyosonga, lakini uwezo wa namna hii hukomaa.

Upande wa pili wa ujuzi huo ndio uliomfanya achukiwe na mashabiki wa timu nyingine. Storm walijifunza mbinu za mieleka ili kumchelewesha aliyeangushwa asisimame upesi, na Smith alikuwa hodari kwa hilo. Mwaka 2008 alifungiwa kwa kumkaba mpinzani kwa njia iliyokatazwa, akaikosa fainali ambayo timu yake ilifungwa 40-0 na Manly. Miaka miwili baadaye klabu ilinyang'anywa mataji ya 2007 na 2009 kwa kuvunja kanuni ya kikomo cha jumla ya mishahara ya wachezaji, jambo ambalo, kwa maoni yangu, halipunguzi thamani ya kile alichokifanya uwanjani.

Uamuzi wake ninaouheshimu zaidi ni ule wa 2018, alipoacha kuzichezea timu ya jimbo lake la Queensland na ya taifa ya Australia akiwa bado nahodha. Mechi za Queensland dhidi ya jimbo la New South Wales huchezwa katikati ya msimu na ndizo ngumu kuliko zote. Kwa kuziacha aliupa mwili nafasi ya kupumzika, akacheza misimu mingine mitatu na kutwaa taji la 2020 akiwa na miaka 37. Alitangaza kustaafu Machi 2021.