Rada huuona upepo hata pasipo wingu

Wengi wameamini kwa muda mrefu kwamba rada huona mvua na mawingu tu, na kwamba anga likiwa jeupe haina cha kupima. Sivyo. Hewa haitulii: misukosuko yake huchanganya joto na unyevu, na vurugu hizo hurudisha mwangwi hafifu wa mawimbi ya redio yanayotumwa na rada. Mwaka 1974, wanasayansi Woodman na Guillén walitumia rada ya Jicamarca, karibu na Lima nchini Peru, kupima upepo wa tabaka za juu sana. Mawimbi ya rada hiyo yana urefu wa mita 6 hivi, hivyo hunasa vurugu zenye ukubwa wa nusu yake, yaani mita 3. Mwangwi hurudi masafa yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yamebadilika kidogo mno, na badiliko hilo, ajabu ninayoipenda mno, ndilo linaloonyesha kasi ya upepo.