Shotigani haihitaji kulenga? Sio kweli

Hii ya watu kusema ukiwa na shotigani ya kujilinda nyumbani huna haja ya kulenga, we elekeza tu mlangoni marisau (zile punje nyingi inazofyatua kwa pamoja) yatajaa chumba kizima, jamani sio kweli na inanitia hofu kila nikiisikia. Marisau yanatoka mdomoni mwa bunduki yamebanana, yanatawanyika kidogo kidogo kadri yanavyoenda mbali, kwa makadirio ya kawaida sentimita 2 au 3 hivi kwa kila mita, sasa chumbani umbali ni mita 4 au 5 tu, yaani matundu yote unaweza kuyafunika kwa kiganja. Ukikosea kidogo umekosa kabisa. Na risasi moja ya marisau makubwa mara nyingi ina punje 8 au 9, zilizokosa haziishii hapo, zinatoboa ukuta wa mbao au jipsamu zinaingia chumba cha pili alikolala mtoto.

Ndo maana plani inatangulia silaha: nani analala wapi, mnakusanyika chumba gani, nani anapigia polisi, na tochi iko wapi maana lazima umuone mtu umtambue kabla kidole hakijagusa triga. Silaha yenyewe ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, hapo mi sibishani na mtu.