Kuhifadhi si kufungia

"Wakishaihifadhi, basi, nimeipoteza." Mzee mmoja hapa Jinja aliniambia hivyo juzi jioni, tumekaa kwenye baraza ya duka aliloachiwa na baba yake. Asubuhi walikuwa wamepita vijana wawili na kamera na daftari. Walipiga picha nguzo za baraza, mbao za madirisha, na ule mwaka ulioandikwa kwa saruji juu kabisa ya uso wa jengo, kama walivyozoea kuandika wajenzi wa Kihindi katika mji huu. Walipoaga walimwambia kuwa nyumba yake huenda ikaingia kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Chai ya mzee ilipoa kikombeni, hakuigusa.

Simlaumu. Neno hili, kuhifadhi, tumelisikia likitumiwa vibaya redioni, kwenye mikutano ya mtaa, na hata kwa maofisa wa ardhi, mpaka maana mbovu imekuwa ndiyo maana.

Dhana yenyewe haina ugumu. Mji unapochora mpango wa matumizi ya ardhi, yaani ramani inayosema hapa makazi, hapa soko, hapa barabara itapita, basi majengo, makaburi, miti na viwanja vyenye historia navyo viingie kwenye ramani hiyohiyo, kila kimoja na masharti yake: nini kisiguswe, nini kinaweza kubadilishwa, jirani aruhusiwe kupandisha ghorofa ngapi. Mtu akileta plani kuomba kibali cha kujenga, afisa anaona pale pale mezani kwamba poloti hii ina neno. Ndiyo hiyo tu.

Tatizo liko kwenye neno. Hifadhi tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kulinda, kutunza, na kuweka moyoni. Jina la Mahfudh, aliyelindwa, limetoka humo. Hafidh, mtu aliyeiweka Kurani yote kifuani, naye katoka humo. Watoto wetu madrasani wanahifadhi juzuu ya Amma wakiwa wadogo kabisa, na hakuna mzazi anayeelewa kuwa mtoto aliyehifadhi sasa amekatazwa kuisoma. Ni kinyume chake. Kila mwalimu atakuambia kwamba aliyehifadhi asiporudia, sura zinamtoka moja moja, na siku atakayosimamishwa mbele ya watu atakwama katikati ya aya. Kilichohifadhiwa kinakaa kwa sababu kinatumika, katika sala, katika hitma, usiku mtoto akishindwa kulala. Hiyo ndiyo maana tuliyoipokea, na ndiyo ninayoitetea.

Maana ya kufungia imeingia wapi, basi? Nadhani imetoka mbugani. Tukisema hifadhi ya wanyama tunaona lango, tiketi, askari na mpaka. Na hapa Uganda jambo hilo lina kidonda chake: Bwindi ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa waliokuwa wakiishi kwa msitu ule walitolewa. Mtu aliyesikia habari hizo, kisha akaambiwa nyumba yake inahifadhiwa, ana haki ya kushtuka. Neno limekuja mjini na mpaka wake wa porini.

Lakini nyumba si mbuga. Ukitaka mfano wa karibu zaidi katika maisha yetu, tazama wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu. Nyumba ikiwekwa wakfu, kinachosimamishwa ni kuuzwa na kugawanywa, si kutumiwa. Watu wanaendelea kuswali, kusoma, kupanga vyumba, na kodi inalipa mafuta ya taa na mshahara wa imamu. Asili inabaki, matunda yanaliwa. Sisemi jengo lililoorodheshwa ni wakfu, maana mwenye nyumba bado ni mwenye nyumba na anaweza kuuza. Nasema kichwani mwetu tayari tuna mahali pa kuliweka wazo la kitu kinacholindwa huku kikitumika.

Makaburi ya Kasubi, ya Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, kule Kampala, yanaonyesha hili vizuri kuliko maneno yangu. Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake pale mwaka 1882, na alipofariki miaka miwili baadaye akazikwa humo. Leo Makabaka wanne wamelala katika jumba la Muzibu Azaala Mpanga, chini ya paa la nyasi lenye pete 52 kwa hesabu ya koo za Buganda. Sasa jiulize: nyasi zipi zimehifadhiwa? Nyasi huoza. Paa la namna ile lisipoezekwa tena na tena linakufa lenyewe bila tingatinga. Mwaka 1938 hata zege liliingia kwenye mifupa ya jumba. Kilichotunzwa ni kazi ya mikono ya ukoo wa Ngeye, wenye dhamana ya kuezeka, na mkono huo hautunziki kwa kufungiwa. Ndiyo maana moto ulioliteketeza jumba Machi 2010 haukuwa mwisho. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, iliyokuwa imeyaorodhesha makaburi hayo kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, iliyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Watu wakajenga upya, na mwaka 2023 yakaondolewa humo. Tena eneo lile lina karibu hekta 27 katikati ya mji unaosukuma kutoka kila upande, na sehemu yake kubwa ni ardhi ya kulima. Kulima kwenyewe ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Hapo ndipo utaona kwa nini jambo hili ni la mpango wa ardhi, si la fundi rangi.

Na mpango una wakati wake. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 Old Kampala, yakahamia Kitante mwaka 1954 kwenye jengo lililobuniwa na Ernst May, Mjerumani yuleyule aliyechora mpango wa kupanua Kampala wa 1947. Mwaka 2011 likaja wazo la serikali kulibomoa ili pasimame jumba la biashara la ghorofa 60. Watu wakapinga, wakafika mahakamani, na jengo lipo hadi leo. Nilifurahi sana, na bado nikilipita hufurahi. Lakini vita vile vilipiganwa wakati watu walishaanza kuhesabu ghorofa. Kinachodaiwa ni mjadala huo ufanyike mapema, ramani ingali penseli.

Sheria zetu zinaweza kukutana. Ile ya zamani ya kumbukumbu za kihistoria ilikuwa ya 1967, na mpya, ya makumbusho na kumbukumbu, ni ya 2023. Ile ya mipango ya ardhi ya 2010 inaifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango. Orodha ya majengo ikilala kwenye kabati la watu wa utamaduni, na vibali vikitoka kwenye ofisi nyingine, hapo hakuna kilichojumuishwa, hata orodha ikiwa nzuri namna gani.

Mzee aliniuliza pia gharama ataibeba nani, na swali hilo ni la kweli. Mbao za madirisha yale hazipatikani kwa bei ya fremu za chuma, na mji unaoweka masharti unapaswa kumpunguzia mtu mzigo, kwa mfano kwenye kodi ya majengo. Hilo mzee anapaswa kulidai kwa sauti, na mimi nitamsaidia kudai.

Nilimwambia, "Mzee wangu, wale vijana wakirudi, waombe wakusomee masharti. Ikiwa kinacholindwa ni uso wa jengo na baraza hii, uliza kama uani unaweza kuongeza vyumba. Na duka ufungue kesho saa mbili kama kawaida." Alikunywa chai yake ikiwa baridi.

Kwa wenzangu wanaosoma taarifa ya habari nina ombi. Nyumba ikiandikwa kwenye mpango wa mji, semeni imeorodheshwa, semeni imewekewa masharti, au semeni imehifadhiwa kwa maana ile ya madrasani. Siku ikitiwa kufuli na watu wakatolewa, hapo semeni imefungwa.