Petro na Paulo Waligombana: Dhana Potofu Kuhusu Waandishi wa Agano Jipya

Kwenye mihadhara ya dini, iwe Dar es Salaam au Mombasa, aya hurushwa kutoka pande mbili. Mmoja anasema waandishi wa Agano Jipya wanapingana, kwa hiyo maandiko yao hayaaminiki. Mwenzake anaapa kwamba hakuna tofauti hata ya nukta. Wote wawili wanasahau kuwauliza Wakristo wa karne za kwanza, ambao walikuwa na aya hizohizo mikononi.

Dhana: Mitume walikuwa na kauli moja tangu mwanzo

Ukweli umo katika Wagalatia sura ya 2. Paulo anasimulia kwamba Petro, anayemwita Kefa, alipofika Antiokia alikuwa akila na Wakristo wasiotahiriwa. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye Petro akajitenga. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba, mwenzake Paulo wa safari. Paulo akamkabili uso kwa uso, mbele ya wote. Tunayasoma maneno ya Paulo, lakini jibu la Petro halimo, wala hatuambiwi nani alikubaliwa na kanisa la Antiokia. Aliyeshinda hoja si kawaida asahau kututajia.

Matendo ya Mitume hakigusi kabisa kisa hicho. Sura ya 15 inaeleza mkutano wa Yerusalemu ulioamua kwamba watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasitwikwe tohara, ila wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, wanyama walionyongwa na uasherati. Paulo akisimulia makubaliano yake na viongozi wa Yerusalemu, ambayo wasomi wengi huyaona kuwa ya mkutano huohuo, anasema waliombwa jambo moja tu: wawakumbuke maskini. Na kuachana kwake na Barnaba, Matendo kinasema sababu ilikuwa Yohana Marko, ambaye Barnaba alitaka kumchukua safarini na Paulo akakataa. Habari ya meza ya Antiokia haitajwi.

Kisa hiki kiliwasumbua mno mababa wa kanisa, yaani walimu na waandishi Wakristo wa karne za kwanza. Klementi wa Aleksandria alifikia kusema kwamba huyo Kefa alikuwa mtu mwingine, mmoja wa wale wanafunzi sabini waliotumwa na Yesu. Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, akifuata wafafanuzi wa Kigiriki, alieleza kwamba Petro na Paulo walikuwa wakiigiza tu ugomvi ili wafuasi wajifunze. Agostino, askofu wa Hippo, hakuvumilia hilo. Alimwandikia Yeronimo kwamba tukikubali mtume aliandika uongo, hata uongo wenye faida, hakuna aya itakayobaki salama. Kwa bahati mbaya barua mojawapo ilisomwa na watu Italia kabla haijamfikia mwenyewe Bethlehemu, na Yeronimo, ambaye hasira zake zilijulikana, aliwaka. Mimi niko na Agostino: afadhali mitume wawili waliogombana kweli kuliko wawili waliocheza tamthilia.

Dhana: Paulo na Yakobo wanasema kitu kilekile, au wanapingana moja kwa moja

Paulo, Warumi 3:28: mtu huhesabiwa haki kwa imani, pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24: kwa matendo, wala si kwa imani peke yake. Na wote wawili shahidi wao ni Abrahamu, tena kwa aya moja, Mwanzo 15:6. Ila Paulo anasisitiza kwamba Abrahamu alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa, wakati Yakobo anaisoma aya hiyo kwa kuanzia madhabahuni, Isaka alipotolewa sadaka.

Ni kweli kwamba hawapigani na adui mmoja. Paulo anawatetea watu wa mataifa wasilazimishwe tohara; Yakobo anamkemea mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani bila kumpa chakula. Maelezo hayo yanasaidia, lakini hayamalizi kila kitu. Yakobo anaandika kama mtu aliyesikia kaulimbiu ya imani peke yake ikitumiwa vibaya, kaulimbiu isiyo mbali na mafundisho ya Paulo. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa wa Ujerumani, alilihisi hilo: mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa mabua, yaani usio na uzito. Hata hivyo aliutafsiri na kuuacha ndani, akausogeza tu nyuma.

Dhana: Mtaguso wa Nisea ulichagua vitabu na kufuta vilivyopingana

Hapana. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulishughulikia mafundisho ya Ario, padri aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya kanisa. Orodha ya zamani zaidi tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya la leo ni ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367.

Dhana: Tofauti za Injili ziligunduliwa na wasomi wa Ulaya wa juzijuzi

Katika Marko, Yesu anakufa baada ya kulia kwamba Mungu amemwacha; katika Luka anaiweka roho yake mikononi mwa Baba. Marko, Mathayo na Luka wanaifanya karamu ya mwisho kuwa ya Pasaka, lakini katika Yohana Yesu anasulubiwa siku ya maandalio, Pasaka bado haijaliwa. Origeni, mfafanuzi wa Biblia wa karne ya 3, alikiri waziwazi kwamba Injili nne hazilingani katika kila tukio, akasema ukweli wa kiroho ndio wa kutafutwa hapo.

Kulikuwa na njia rahisi zaidi, na ilijaribiwa. Mnamo mwaka 170 hivi, mwandishi Mkristo Tasiani alizisuka Injili nne kuwa simulizi moja laini. Makanisa ya Siria yaliipenda na kuisoma kwa vizazi. Katika karne ya 5, askofu Theodoreti wa Kiro alikuta nakala zaidi ya 200 katika makanisa ya jimbo lake, akaziondoa zote na kurudisha Injili nne.